Kukohoa damu baada ya kupona TB: mwongozo kamili wa kuziba mshipa unaovuja bila kupasuliwa kifua

Wengi wanaoletwa wodini kwetu wakikohoa damu wana kadi ya TB iliyokwisha fungwa. Walimaliza dozi miaka mitatu iliyopita, au saba, au ishirini. Wameoa, wamejenga, wamesahau. Halafu alfajiri moja kifua kinawasha, koo linajaa kitu cha uvuguvugu chenye ladha ya chumvi, na wakitema ni damu nyekundu yenye povu. Wazo la kwanza ni kwamba TB imerudi. La pili, mara nyingi, ni kuficha, kwa sababu wanakumbuka walivyotengewa vikombe mara ya kwanza.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya kifua. Nimewasindikiza wagonjwa wa namna hii hadi kwenye chumba cha angio, yaani cha kutibia mishipa ya damu kwa kutazama picha, na kuwarudisha kitandani, na nimewaona pia waliochelewa. Mwongozo huu ni kwa mgonjwa na kwa ndugu anayemuuguza, kuanzia dakika damu inapotoka hadi miezi baada ya tiba.

Tiba yenyewe inaitwa embolaizesheni. Daktari hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu, kuanzia kwenye kinena au kifundo cha mkono, akausogeza hadi kifuani kwenye mshipa mbovu, kisha akauziba kutokea ndani kwa chembechembe ndogo. Kifua hakifunguliwi. Kwa wengi hakuna hata nusu kaputi. Ni ganzi ya mahali pale pa kuchoma sindano. Aliyeitumia kwa mara ya kwanza kwa watu wanaokohoa damu ni Jacques Remy na wenzake huko Ufaransa, mwaka 1973.

Kwa nini pafu lililopona bado linatoa damu

Mapafu yana mikondo miwili ya damu. Mkubwa ni ule unaoleta damu kuchukua hewa safi. Karibu damu yote ya mwili hupita humo, lakini kwa presha ndogo. Wa pili ni mdogo mno: ateri za bronkasi, zinazochepuka moja kwa moja kutoka kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Katika mtu mzima wa afya hazizidi milimita 1.5 kwa upana, na kazi yake ni kulisha kuta za njia za hewa. Hubeba takriban asilimia 1 tu ya damu inayofika mapafuni. Ila presha yake ni ile ile unayopimwa mkononi kwa mashine.

TB inapokula pafu huacha makovu, mashimo, na njia za hewa zilizotanuka zikalegea. Mwili hujitahidi kulilisha eneo hilo lililoumia, na namna yake ni kupanua ateri hizi ndogo. Zinanenepa kupita milimita 2, zinapindapinda kama mizizi ya mkoko, na kuta zake ni laini. Siku moja mafua ya kawaida yanaleta kikohozi kikali, na ukuta mmoja unapasuka. Katika kila watu kumi wanaokohoa damu nyingi, takriban tisa damu yao hutoka kwenye ateri hizi.

Kwa hiyo damu peke yake si ushahidi kwamba TB imerudi. Inaweza kuwa imerudi, na lazima upimwe. Lakini mwambie anayekupima kwamba uliwahi kutibiwa, na lini. Kipimo cha GeneXpert husoma chembe za urithi za vimelea, na kinaweza kusoma mabaki ya vimelea waliokwisha kufa, hata muda mrefu baada ya mtu kupona. Ndiyo maana kwa mtu aliyewahi kuugua, makohozi huoteshwa pia maabara ili kuona kama kuna vimelea hai. Nimeona watu wakirudishwa kwenye dozi ya miezi sita kwa damu iliyotoka kwenye kovu.

Kuna kundi jingine ambalo hunitia wasiwasi zaidi: wale ambao kuvu aitwaye aspajilasi ameingia kwenye shimo lililoachwa na TB, akajenga donge humo ndani. Hao hutoa damu, ikakatika, ikarudi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Hatua ya 1: Nyumbani, damu inapotoka

Kinachoua hapa si kuishiwa damu. Ni kuzama. Njia za hewa, kuanzia puani hadi matawi ya mwisho kabla ya vifuko vya hewa, zina nafasi ya mililita 150 hivi, pungufu ya kikombe cha chai. Damu ikijaa humo na kuganda, hewa haina pa kupita, hata kama mwilini bado kuna lita nne za damu. Ukilielewa hili, mambo mengine yote ya hatua hii yanajipanga yenyewe.

Mlaze mgonjwa kwa ubavu, upande wa pafu bovu ukiwa chini. Damu ibaki kwenye pafu lililoharibika, zima lipate hewa. Wagonjwa wengi wanajua upande wao: ndiko TB ilikokuwa, ndiko wanakohisi joto au mchemko kabla ya kukohoa. Kama haijulikani, akae ameinama mbele kidogo, atemee kwenye beseni. Usimlaze chali. Usimpe maji anywe ili "asafishe koo" wakati bado anakohoa. Usimwambie ajizuie kukohoa. Kikohozi ndicho kinachotoa damu kwenye njia ya hewa.

Tumia bakuli moja, na usilimwage. Kijiko cha chakula ni mililita 15, kikombe cha kawaida cha chai ni kama 200. Piga picha ya bakuli kwa simu ukiweka kijiko pembeni yake. Ndugu wakifika mapokezi wanasema "ametoa damu nyingi sana" na daktari anabaki hajui kama ni vijiko viwili au vikombe viwili. Ile picha inamaliza ubishi wote, na imewahi kumpa mgonjwa kitanda cha uangalizi badala ya benchi.

Angalia na rangi. Damu ya mapafu huja na kikohozi, ni nyekundu, ina povu. Ya tumboni huja kwa kutapika, mara nyingi nyeusi kama masimbi ya kahawa, imechanganyika na chakula. Ya puani huteremka kooni, mtu akaitema akidhani imetoka kifuani. Daktari atakuuliza hayo kabla ya yote.

Lini uondoke? Kijiko kimoja tu cha damu kinatosha kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Nusu kikombe kwa mkupuo, au damu yoyote pamoja na kuhema haraka, kizunguzungu au midomo kugeuka rangi, ni dharura, hata iwe saa nane ya usiku. Madaktari wenyewe hawajakubaliana mpaka wa "damu nyingi" ni upi. Wapo wanaoanzia mililita 100 kwa saa 24, wapo wanaosema 600. Wewe usishike hesabu hiyo. Mtu ambaye pafu lake lilikwisha chakaa anaweza kuzidiwa na damu kidogo.

Bodaboda hapana. Mgonjwa hawezi kulala ubavu juu ya pikipiki, na akipoteza fahamu anaanguka barabarani. Bajaji inatosha, teksi ni bora, gari la wagonjwa kama lipo. Chukueni kadi ya zamani ya TB, picha zote za eksirei hata kama zimepauka, dawa anazotumia pamoja na makopo yake, kadi ya bima, na ndugu mmoja aliye tayari kutoa damu.

Asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Zote zinafanya damu ichelewe kuganda. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu, mfano wafarini, asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonana na daktari, na hilo lisemwe mlangoni kabisa. Dawa za mitishamba za kukata damu, nawasihi, ziacheni nyumbani.

Hatua ya 2: Hospitali ya kwanza

Hapa kazi ni kumweka hai hadi chanzo kipatikane. Atapewa oksijeni, atawekewa njia mbili nene za dripu, atapimwa kundi la damu na damu ya kumwongezea itatafutwa. Mara nyingi atapewa asidi ya traneksamiki, dawa ile ile wanayopewa kina mama wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua. Husaidia bonge la damu lisiyeyuke mapema. Antibayotiki kama kuna dalili za maambukizi. Eksirei ya kifua, wingi wa damu, uwezo wa damu kuganda, na kreatinini ya kuonyesha hali ya figo. Makohozi yapelekwe maabara, na hadi majibu yarudi mgonjwa avae barakoa na madirisha yabaki wazi. Hilo la barakoa lisiwaumize roho. Ni kwa siku chache.

Na sasa sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Kwa matibabu haya damu mara nyingi hukatika. Siku ya tatu mgonjwa ana nguvu, ndugu wamechoka, bili inapanda, kitanda kinahitajika. Anaruhusiwa. Lakini ule mshipa ulionenepa bado upo vile vile, umezibwa na bonge dogo tu la damu. Mzee mmoja aliwahi kuruhusiwa hivyo mara mbili katika mwezi mmoja, kila mara akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba damu imekoma; mara ya tatu aliletwa usiku, kanzu yake yote imelowa, mke wake ameshika beseni la plastiki lililofunikwa kwa kanga. Yule tulimuwahi.

Kwa hiyo damu ikikatika, usiondoke bila kujibiwa swali moja: ilitoka wapi? Kama jibu ni "kovu la TB" bila kipimo kilichoonyesha mshipa, omba rufaa ukiwa bado wodini. Ni rahisi zaidi kusafirisha mgonjwa ambaye damu imetulia kuliko anayekohoa njiani.

Hatua ya 3: Kuutafuta mshipa

Kipimo kinachohitajika ni CT skani ya kifua yenye dawa ya rangi, iliyopangwa ili kuonyesha ateri. Sema hivyo hivyo: ya kuonyesha mishipa ya damu. CT ya kawaida isiyo na dawa huonyesha mashimo na makovu, lakini haimwambii daktari mshipa upi umenenepa na unachepuka wapi. Nimeona watu wakilipia CT mara mbili kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Picha nzuri huanzia chini ya shingo na kushuka hadi juu ya figo, kwa sababu pafu bovu huweza kuvuta damu kutoka mbali: mishipa ya katikati ya mbavu, ya kwapani, ya ukuta wa mbele wa kifua, hata ya kiwambo cha tumbo.

Kabla ya kuchomwa dawa hiyo, taja mzio wowote uliowahi kupata ukichomwa dawa ya picha, ugonjwa wa figo, kisukari na dawa zake (metifomini hasa), na kwa mwanamke, kama kuna uwezekano wa ujauzito.

Wakati mwingine daktari wa kifua hupitisha kamera kwenye njia ya hewa kuona upande unaotoa damu. Inasaidia picha ikionyesha mapafu yote mawili yana makovu.

CT pia huonyesha wale wachache ambao damu yao haitoki kwenye ateri za bronkasi bali kwenye ule mkondo mkubwa. Ndani ya ukuta wa shimo la TB, tawi la mshipa wa pafu huliwa hadi likavimba kama puto. Mdenmark Fritz Valdemar Rasmussen aliyaeleza mavimbe hayo mwaka 1868 na bado yanaitwa kwa jina lake. Kwa hao daktari hupitia kwenye veni, mshipa unaorudisha damu moyoni, kisha moyoni, hadi kwenye pafu, na huziba kwa koili, yaani nyuzi ndogo za metali zinazojikunja ndani ya mshipa. Ni safari tofauti kabisa. Mtu akizibwa ateri za bronkasi vizuri na bado anatoa damu nyekundu, hili ndilo la kufikiria haraka.

Hatua ya 4: Kupata mahali na kuuliza yanayostahili

Kazi hii hufanywa na daktari wa radiolojia tiba, mtaalamu wa picha aliyesomea kutibu kupitia mishipa. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa karibu haina watu hawa, na tuliokuwa wodini tulijua maana yake. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwafundisha hapa hapa Dar es Salaam, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza kwa mtu wa upande huu. Nairobi nako zipo hospitali zinazoifanya. Daktari wako apige simu kabla hamjapanda gari, kwa sababu mashine kuwepo ni jambo moja, na vifaa kuwepo wiki hiyo ni jingine.

Uliza vifaa gani vitatumika, maana vinabadilisha mategemeo yako. Kinachopendelewa kwa ateri za bronkasi ni chembechembe za plastiki maalumu zisizoyeyuka, ukubwa wa mikroni 350 hadi 500, kama punje laini sana ya mchanga. Ndogo kuliko hapo ni hatari: mapafuni kuna njia za kuunganisha mikondo miwili zenye upana wa mikroni 325 hivi, na punje ndogo hupenya zikaenda kuziba mahali pasipohusika. Pale ambapo chembechembe hazipo hutumika sponji ya jelatini, inayokatwa vipande vidogo kwa mkasi mezani pale pale. Ni nafuu, inakata damu, lakini huyeyuka ndani ya wiki kadhaa na mshipa unaweza kufunguka. Si jambo la kukataa. Mtu anayezama hachagui. Ila ukijua umezibwa kwa jelatini, unajua pia kwamba wiki zinazofuata ni za kuwa macho.

Koili kwenye ateri za bronkasi, ulizia sababu. Huziba mlangoni kabisa, na damu ikirudi kupitia njia za pembeni, mpira hauwezi tena kupita.

Uliza bei inajumuisha nini: mipira, dawa ya rangi, chembechembe, kulala chumba cha uangalizi, na kama itabidi kurudia. Bima ipewe barua ya daktari mapema, yenye jina la tiba na neno dharura kama ni dharura kweli.

Na uliza hili bila aibu: "Kama mshipa wa uti wa mgongo unatokea hapo hapo, mtafanyaje?" Ateri zinazolisha uti wa mgongo wakati mwingine huchepuka kutoka kwenye shina moja na ateri ya bronkasi. Chembechembe zikiingia humo, miguu inaweza kupooza. Ni nadra, lakini ndilo daktari analoliogopa kuliko yote. Mwenye uzoefu atakujibu kwamba hupiga picha polepole kutafuta mshipa mwembamba uliokunjwa kama pini ya nywele katikati ya mgongo. Akiuona, ama hupitisha mpira mwembamba zaidi mbele ya tawi hilo ndipo azibe, ama huacha. Kuacha ni uamuzi wa kitabibu wenye heshima yake, si kushindwa.

Hatua ya 5: Kujiandaa

Kama si dharura ya usiku: usile kwa saa 6 kabla, maji matupu kidogo yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Dawa za presha na TB huendelea isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Kinena hunyolewa na kuoshwa. Toa cheni na shanga. Kojoa, au kubali mpira wa mkojo, kwa sababu utalala chali muda mrefu.

Fomu ya ridhaa usiisaini kwa haraka. Iwe na maneno haya kwa lugha unayoielewa: damu inaweza kurudi, maumivu ya kifua yanatarajiwa, miguu inaweza kuathirika mara chache, na kinena kinaweza kuvilia damu.

Jizoeze wodini kubana pumzi kwa sekunde kumi ukiwa umelala chali. Linaonekana dogo. Mezani ndilo linalotofautisha picha safi na ukungu. Kama huwezi kulala chali kabisa bila kukosa pumzi, sema mapema, ili mtaalamu wa usingizi aitwe. Hao ndio wanaoweza kuhitaji nusu kaputi na mashine ya kupumulia.

Hatua ya 6: Mezani

Chumba ni cha baridi. Omba shuka la pili. Meza ni nyembamba, juu yake kuna mkono mkubwa wa mashine unaozunguka kifua chako. Utafunikwa kwa kitambaa cha kijani au buluu hadi shingoni, na kinena kitapakwa dawa ya kuua vijidudu.

Sindano ya ganzi inauma kama siafu, kisha inapoa. Baada ya hapo utahisi kusukumwa tu. Daktari huchoma ateri kwa sindano, anapitisha waya laini, anatoa sindano, anapitisha mrija mfupi juu ya waya. Mbinu hiyo ni ya Msweden Sven-Ivar Seldinger, ya mwaka 1953, na mpaka leo karibu kila kinachofanyika ndani ya mishipa huanza hivyo. Mpira unaofuata una upana usiofika milimita 2. Hutauhisi ukipanda, ndani ya ateri hakuna mishipa ya fahamu ya kukuambia upo wapi.

Ateri za bronkasi huchepuka kutoka kwenye aota karibu na pingili ya tano na ya sita ya mgongo wa kifua, pale njia kuu ya hewa inapogawanyika. Daktari hupapasa ukuta wa aota kwa ncha ya mpira hadi ipate mdomo wa ateri. Kisha dawa ya rangi. Utasikia joto likienea kifuani, pengine ladha ya chuma mdomoni, pengine hamu ya kukohoa. Ukikohoa picha inaharibika, basi mwambie tu, atasubiri.

Kwenye skrini mshipa wa kawaida ni uzi unaoishia kimya. Mbovu ni mnene, umejikunjakunja, na mwishoni unamwaga wingu jeusi juu ya kovu. Chembechembe huchanganywa na dawa ya rangi kwenye bomba dogo la sindano na kusukumwa kidogo kidogo, huku kila mtu chumbani akitazama skrini. Mtiririko unapungua, unasita, wingu halijai tena. Hapo daktari anaacha. Akizidisha, chembechembe hurudi nyuma kwenye aota na kwenda zinakotaka.

Ukiona wameziba mshipa mmoja na bado wanaendelea kupiga picha huku na kule, shukuru. Wanatafuta ile mingine inayolisha kovu hilo kwa siri. Mshipa ulioachwa ndio unaorudisha damu baada ya wiki mbili. Kazi nzima huchukua kati ya saa moja na mbili, wakati mwingine zaidi.

Ukihisi ganzi au udhaifu wa miguu ukiwa mezani, sema papo hapo, hata kama unadhani ni kwa sababu ya kulala vibaya.

Hatua ya 7: Saa 24 za kwanza

Mrija ukitolewa, mtu atakandamiza kinena kwa mkono kwa dakika 15 hadi 20. Halafu mguu ule ubaki umenyooka kwa saa 4 hadi 6. Usikunje goti, usiinue kichwa kujaribu kula. Ukikohoa, bonyeza pamba ya kinenani kwa kiganja. Waliopitishwa kifundo cha mkono huweza kukaa mapema zaidi.

Kunywa maji vizuri kama huna tatizo la figo au moyo. Dawa ya rangi hutoka kwa mkojo.

Sisi wauguzi tutakuja kila baada ya muda kubana vidole vya mguu, kupima mapigo ya juu ya unyayo, kukuuliza usukume mkono wetu kwa nyayo zote mbili. Usichoke nasi. Mguu kuwa baridi, kinena kuvimba kama yai, kushindwa kusogeza miguu, au kibofu kujaa na mkojo kukataa kutoka: yoyote kati ya hayo, tuite mara moja.

Maumivu ya kifua ni ya kawaida, na wakati mwingine maumivu wakati wa kumeza, kwa sababu umio nao hupata damu kutoka jirani. Homa ndogo pia. Hupungua ndani ya siku chache kwa parasetamoli.

Damu je? Utaendelea kutema vipande vyeusi au vya kahawia kwa siku kadhaa. Ni damu ya zamani inayojisafisha, na nimewaona ndugu wakilia kwa hofu bure. Cha kuogopa ni damu mpya, nyekundu, yenye povu.

Hatua ya 8: Nyumbani na miezi inayofuata

Usiinue ndoo ya maji wala gunia kwa wiki moja. Kuoga ruksa baada ya siku moja, kidonda kikaushwe. Rudi kazini kadiri pumzi inavyoruhusu.

Lazima niseme wazi: embolaizesheni inakata damu, haiponyi pafu. Kovu lipo, shimo lipo, na mwili utaendelea kujaribu kulipelekea mishipa mipya. Damu hukatika mara moja kwa wengi mno, lakini taarifa za hospitali mbalimbali duniani zinaonyesha hurudi kwa kati ya asilimia 10 na zaidi ya 50 ya waliotibiwa, kutegemea ugonjwa uliokuwepo. Ikirudi ndani ya wiki chache, huenda mshipa fulani uliachwa. Ikirudi baada ya miezi au miaka, mipya imeota. Tiba inaweza kurudiwa, na wapo walioifanya mara tatu na wanaendelea na shughuli zao.

Wenye donge la kuvu ndio damu huwarudia zaidi. Kwao embolaizesheni ni daraja. Kama pafu lililobaki lina nguvu, mpasuaji wa kifua huondoa sehemu ile bovu, na kumpasua mtu ambaye damu imekwisha tulia ni salama kuliko kumpasua akiwa anakohoa. Kama haiwezekani, dawa za kuvu, mfano itrakonazo, hutumika kwa miezi mingi chini ya uangalizi. Omba kuonana na mpasuaji mapema, siku unapojisikia mzima.

Sigara iachwe kabisa. Moshi wa kuni nao, kadiri inavyowezekana. Hata kuhamishia jiko nje ya nyumba kunapunguza kikohozi. Mafua yanayoshuka kifuani, makohozi yakigeuka rangi, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, usisubiri.

Kabla ya kuruhusiwa, dai CD ya picha na ripoti, si ripoti peke yake. Kisha mwombe daktari aandike kwenye karatasi moja: tarehe, upande uliotibiwa, mishipa iliyozibwa, kilichotumika kuziba na ukubwa wake, na kama kuna mshipa ulioachwa kwa sababu ya tawi la uti wa mgongo. Piga picha karatasi hiyo, itume kwa ndugu wawili kwenye simu zao, na nakala moja uiweke ndani ya ile kadi ya zamani ya TB. Damu ikitoka tena usiku, ukiwa Tanga, Mbeya au safarini, daktari atakayekupokea ataanzia pale mwenzake alipoishia.